Kutoka mchangani hadi kwenye daftari: shajara ya mradi wa soka la watoto, Temeke

Kazi inayofuatwa humu ni moja: kufufua kiwanja cha shule ya msingi ya serikali katika kata moja ya Temeke, Dar es Salaam, na kukijengea ligi ya watoto walio chini ya miaka 13, wavulana na wasichana. Tunaandika kwa ajili ya walimu wa michezo, viongozi wa mitaa na klabu ndogo wanaotaka kufanya hivyo kwenye kata zao. Macho ya nchi kwa sasa yako kwenye AFCON 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na viwanja vikubwa vinastahili fedha vinazopata. Ila mchezaji Mbwana Samatta, aliyefika Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, alianzia kwenye klabu ya hapahapa Temeke, Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon. Vipaji havijawahi kuisha mchangani. Kinachokosekana ni mwendelezo: kiwanja ambacho karatasi zake zinajulikana, mechi za kutosha kwa kila mtoto, na kumbukumbu inayoonyesha mtoto huyu amezaliwa lini na amecheza wapi.

Januari: karatasi kabla ya greda

Kiwanja cha shule Dar es Salaam kina wenyewe wengi. Kuna shule, mtaa, timu ya wakubwa ya jioni, maturubai ya harusi, mikutano ya hadhara, na magari yanayolala hapo usiku. Ukianza kuchimba kabla ya kujua nani ana haki gani, mgogoro utakuja siku uwanja ukishapendeza, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anautaka.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuomba ramani ya mipangomiji manispaa na kuangalia mambo mawili: eneo limeandikwa la shule au eneo la wazi, na mawe ya mipaka yako wapi. Jiwe likiwa limeng'olewa, mpima ardhi alirudishe kabla ya kazi yoyote. Kiwanja kikipimwa kwa kufuata ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe ukawa umeingia ndani ya eneo, umeuhalalisha uvamizi kwa mkono wako.

Hatua ya pili ni makubaliano ya matumizi. Kurasa 2 zinatosha. Wanasaini mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Afisa Mtendaji wa Kata anakuwa shahidi, na nakala inakwenda kwa Afisa Michezo wa manispaa. Yaliyomo yawe ya vitendo: saa za kila kundi, nani anafyeka, nani anashika ufunguo wa stoo, fedha ya kukodisha inaingia akaunti ipi na sehemu gani inabaki kwa matunzo. Kifungu kinacholinda uwanja kuliko vyote ni hiki: hakuna gari wala mambo (vigingi) ya turubai juu ya nyasi ndani ya saa 48 baada ya mvua kubwa. Tairi moja la Fuso kwenye udongo uliolowa linaacha mfereji ambao utajazwa na kushindiliwa kwa mkono.

Timu ya wakubwa haikuondolewa. Imepewa Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 11 jioni, na Jumapili nzima. Ukiwafukuza kaka zao, unajenga maadui ambao wanaweza kung'oa milingoti usiku mmoja.

Februari: vipimo, mteremko na mtaro

Nafasi iliyopo haitoshi uwanja wa mita 105 kwa 68. Tumechagua 90 kwa 56, na kuacha angalau mita 3 za usalama kila upande. Sheria za mchezo zinakubali urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia 45, kwa hiyo uwanja huu unafaa hata kwa mechi za wakubwa. Vipimo hivi vina faida nyingine kwa fundi mwenye kamba na futi tu: mstatili wa 90 kwa 56 una ulalo wa mita 106 kamili. Chomeka mambo nne za pembeni, pima ulalo wote wawili. Ukisoma 106 na 106, pembe zako zimekaa mraba. Ukisoma 105.6 na 106.4, sogeza mambo mbili za upande mmoja, usiguse za upande wa pili, kisha pima tena.

Udongo ulipimwa kwa chupa ya lita 1 yenye mdomo mpana: theluthi moja udongo, maji mpaka karibu ijae, tikisa kwa nguvu, acha mpaka kesho yake. Mchanga unatua ndani ya dakika, tope laini (silti) huchukua saa kadhaa, mfinyanzi unabaki ukielea na kutua mwisho kabisa. Hapa tabaka la mchanga ni nene, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani yetu. Kona ya kusini mashariki, iliyowahi kuwa dampo la kifusi cha ujenzi, ina mfinyanzi na vipande vya matofali. Kona hiyo ilichimbwa sentimita 30, vigae na chupa vikatolewa, udongo mzuri ukarudishwa. Kifusi hakifukiwi. Vipande hupanda juu kila mvua ikinyesha, na mtoto anayeteleza anachanika goti.

Wataalamu wengi watakwambia uwanja uwe na mgongo katikati, maji yamwagike pande zote mbili. Ni kweli, ila piga hesabu kwanza. Kwa upana wa mita 56, mteremko wa asilimia 1 kila upande unadai mgongo wa sentimita 28, yaani karibu meta za ujazo 700 za udongo kama utaleta wote kutoka nje. Lori moja linalobeba meta 5 litapiga tripu 140. Hakuna kata yenye fedha hiyo. Tumefuata mteremko wa asili: upande wa magharibi uko juu, wa mashariki chini, tofauti sentimita 56, sawa na asilimia 1. Udongo uliokatwa juu ndio uliojaza chini, na hakuna tripu iliyonunuliwa.

Usawa ulipimwa kwa hosi ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyojazwa maji, pamoja na mambo zilizochorwa alama na kuchomekwa kila mita 10. Kipimo hiki ni cha kuaminika kwa masharti mawili: kusiwe na povu hata moja ndani ya hosi, na hosi isikae juani upande mmoja huku upande wa pili uko kivulini. Povu moja tu linakudanganya sentimita kadhaa, na kwenye mteremko wa asilimia 1 kosa hilo linazaa dimbwi.

Chini ya mteremko, mita 4 nje ya mstari wa pembeni, umechimbwa mtaro wa urefu wa mita 90 na upana wa sentimita 40. Unaanza na kina cha sentimita 40 na kuishia 85, ili sakafu yake ishuke nusu ya asilimia. Ndani umetandikwa kitambaa cha kuchujia, kokoto takribani meta za ujazo 19, na juu sentimita 10 za mchanga mnene. Mtaro wa wazi ungegharimu kidogo zaidi ya jasho, lakini mtoto akiukimbilia mpira anavunjika mguu. Juu ya mteremko kuna kizuizi kingine kifupi cha kukata maji yanayotoka barabarani. Watu wengi husahau hiki, na ndicho kinacholeta matope, mafuta na takataka uwanjani.

Machi: ukoka

Nyasi ni ukoka wa kienyeji. Unavumilia chumvi, unavumilia kukanyagwa, na ukichunika unajiziba wenyewe kwa kutambaa. Mbegu hazikununuliwa. Vipando vya sentimita 15 hadi 20 vilichukuliwa kwenye kingo za barabara na bustani, vikapandwa kwa mistari ya kamba, sentimita 25 kwa 25, theluthi mbili ya kipando ikiwa chini ya udongo. Hiyo ni vipando 16 kwa kila meta ya mraba, zaidi ya 80,000 kwa uwanja mzima. Kipando kikae kwenye gunia bichi kivulini. Kikipigwa jua la saa 6 kwa saa chache tu kinakufa, hata kama bado kina rangi ya kijani.

Kwa nini Machi? Kwa sababu ya maji. Nyasi changa inahitaji kama milimita 5 kwa siku, na kwenye eneo hili hiyo ni lita 25,200. Boza la lita 10,000 lingekuja mara mbili na nusu kila siku. Kupanda mwanzoni mwa masika kunafanya mvua ilipe bili hiyo. Miradi mingi ya nyasi mjini hapa hufa kwa sababu fedha zilifika Juni na kupandwa kukafanyika Juni. Kama fedha zimechelewa, ni heri kusubiri vuli.

Samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri ilichanganywa sentimita 2 kwenye tabaka la juu. Samadi ya kuku isiyoiva inaunguza mizizi. Mbolea ya CAN yenye asilimia 26 ya naitrojeni itafuata pale nyasi itakapoanza kutambaa: gramu 19 kwa meta ya mraba, karibu mifuko 2 ya kilo 50 kwa uwanja wote, igawiwe mara mbili. Usimwage siku mawingu mazito yamekaa. Kwenye kichanga mvua kubwa inaisukuma yote chini ya mizizi, na umelisha mtaro.

Aprili na Mei: masika, milingoti na walimu

Uwanja umefungwa kabisa. Mvua ya Aprili ilikula sehemu ya kona ya kusini mashariki, ileile iliyofukuliwa, kwa sababu udongo uliorudishwa ulishindiliwa kwa tabaka moja nene badala ya tabaka za sentimita 10. Imejazwa upya na kupandwa tena. Sehemu nyingine zimeshika.

Milingoti imetengenezwa kipindi hiki. Bomba za duara zenye kipenyo cha nje cha milimita 76 na unene wa ukuta wa milimita 3 zinauzwa kwa urefu wa mita 6. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Bomba moja likikatwa katikati linatoa milingoti miwili ya mita 3: 2.44 juu ya ardhi na 0.56 ndani ya zege. Mtambaa panya, ukipimwa nje kwa nje, ni mita 7.47, hivyo unahitaji bomba zima na kipande cha mita 1.47. Kwa magoli mawili bomba 5 zinatosha, na kinachobaki kinakuwa mikono ya kushikilia nyavu. Kiungo cha mtambaa panya kisiwe katikati. Kikae mita moja na nusu kutoka kwenye mlingoti mmoja, ndani yake kuwe na kipande cha bomba jembamba zaidi, sentimita 30 kila upande, ndipo uchomelee. Bomba lenye ukuta wa milimita 1.5 ni rahisi, lakini likining'iniwa na watoto wawili linapinda.

Hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma. Kuchomelea kunaunguza zinki iliyopakwa kiwandani, na kutu huanzia hapohapo. Kila kiungo kisuguliwe kwa brashi ya waya, kipakwe rangi ya zinki, halafu rangi nyeupe ya mafuta. Ncha zote za bomba zizibwe, maji yasiingie.

Mashimo ya msingi ni sentimita 40 kwa 40 kwa kina cha 60, zege la 1:2:4, na mifuko 3 ya saruji ilitosha misingi yote 4. Magoli madogo ya wachezaji saba, mita 3.66 kwa 1.83, ni ya kuhamishika, na hapa tunasisitiza: goli la kuhamishika lisilofungwa linaua. Linamwangukia mtoto aliyening'inia. Kila goli lina mifuko 4 ya mchanga wa kilo 25 kwenye bomba la nyuma pamoja na mambo 2 za chuma. Likimaliza kutumika linalazwa kifudifudi na kufungwa mnyororo. Kocha asiyefanya hivyo hapewi ufunguo.

Mistari imechorwa kwa rangi nyeupe ya maji. Chokaa iliyozoeleka kwenye viwanja vyetu inaunguza ngozi yenye jasho na inaweza kuharibu macho, hasa kwa golikipa anayeanguka juu ya mstari. Mstari wa goli uwe na upana uleule wa mlingoti, hapa sentimita 7.6.

Wakati nyasi inashika, madarasa yalitumika kwa makocha na waamuzi. Makocha wanaotafuta njia rasmi wanaanzia leseni ya CAF D, ya shirikisho la soka la Afrika, inayotolewa kupitia TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Waliobaki wamepewa somo moja lililorudiwa mpaka likaingia: ondoa foleni. Kwenye mazoezi mengi ya mtaani watoto 16 wanapanga mstari kusubiri kupiga shuti moja, na kila mmoja anagusa mpira mara chache kwa dakika nyingi za kusimama. Watoto hao hao ukiwagawa wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 30 kwa 20, hakuna anayesimama, na kocha anaona nani anainua kichwa kabla ya kutoa pasi. Lengo ni mpira 1 kwa watoto 2. Watoto 28, mipira 14, koni 40, vizibao vya rangi 2.

Mipira ni saizi namba 4. Kwenye ardhi ngumu jaza upepo upande wa chini wa kiwango, karibu 0.6 ya angahewa, kwa kutumia kipimo. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi. Sindano ilowanishwe kabla ya kuingizwa. Sindano kavu inachana vali, na mipira mingi tunayodai imetobolewa na miiba ilichanwa hivyo.

Juni: daftari, vyeti na vijeba

Mwezi huu ndio mzito kuliko yote, na hakuna jasho la jembe ndani yake.

Mtoto anaandikishwa kwa nyaraka tatu zinazolingana: cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kadi ya kliniki, na namba ya PREM, ya utambulisho wa mwanafunzi shuleni. Moja peke yake haitoshi. Cheti kilichotolewa mwezi huohuo wa usajili kinaweza kuwa halali kabisa, maana wazazi wengi hukikata mtoto anapokitaka. Kinaweza pia kuwa cha mdogo wake. Kadi ya kliniki ndiyo shahidi mgumu kudanganya, kwa kuwa uzito na chanjo viliandikwa mwezi baada ya mwezi na wauguzi tofauti, kwa kalamu tofauti. Kadi yenye wino mmoja na mwandiko mmoja kuanzia chanjo ya kwanza hadi ya mwisho irudishwe kituo cha afya kuulizwa. Mtoto asiye na cheti hakataliwi. Anaandikwa kwa penseli, mzazi anaelekezwa RITA, na anafanya mazoezi mpaka karatasi ije. Mechi ndizo anazosubiri.

Kipimo cha mifupa hatukitumii. FIFA ilianza kupima viganja kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, na kipimo hicho kinafaa kwa umri huo tu. Picha ya eksirei kwa mtoto wa miaka 12 ina makosa makubwa, na unampa mionzi bila sababu ya kiafya.

Vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, hawaletwi na watoto. Huletwa na kombe. Zawadi ya ng'ombe au jezi seti nzima kwa bingwa inamlipa kocha kwa kushinda leo, basi atachezesha mamluki leo. Kwenye ligi hii bingwa anapata kikombe kidogo, na mipira inagawiwa sawa kwa timu zote zilizomaliza ratiba bila kadi nyekundu ya benchi. Pamoja na vyeti, kila kocha amepewa orodha ya timu zote zenye picha, na ana haki ya kukagua wapinzani kabla ya kipyenga. Macho ya kocha wa mtaa wa pili yanamjua kijeba kuliko afisa yeyote.

Kuna jambo la haki ambalo halionekani kwa haraka. Umri ukihesabiwa kuanzia Januari 1, mtoto wa Januari na wa Desemba wanacheza pamoja wakiwa wamepishana karibu mwaka mzima wa kukua. Makocha huchagua wakubwa na kuwaita wenye kipaji. Kanuni yetu: angalau wachezaji 5 kati ya 14 wawe wamezaliwa Julai hadi Desemba.

Daftari lenyewe ni kitabu kigumu cha mistari na nakala kwenye kompyuta ya shule. Linaandika jina kamili, tarehe, namba ya PREM, mzazi na simu yake, klabu, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Vitu viwili vya mwisho ndivyo vinavyosahaulika, na sababu ya kuvitaka iko kwenye maandishi ya Septemba. Ratiba ya usajili iliachia nafasi kambi za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ambazo kwa kawaida huangukia kipindi hiki na kuchukua watoto bora wa kata.

Julai na Agosti: ligi

Tumekataa mtoano. Timu 8 zikicheza mtoano, mechi zote ni 7, na timu 4 zinarudi nyumbani baada ya mechi moja. Timu hizo hizo zikicheza ligi ya mzunguko mmoja, mechi ni 28 na kila mtoto ana mechi 7. Bonanza la siku moja lina picha nzuri na fulana. Mtoto anajifunza mpira kwenye mechi ya tano, pale anapokutana tena na kosa alilolifanya kwenye ya pili. Wasichana wana timu 6, mechi 15.

Ratiba inapangwa bila programu yoyote. Andika timu 1 hadi 4 mstari wa juu, 8 hadi 5 mstari wa chini, wanaotazamana wanacheza. Wiki inayofuata timu namba 1 inabaki mahali pake, nyingine zote zinasogea nafasi moja kwa kuzunguka. Baada ya wiki 7 kila timu imekutana na kila timu.

Uwanja mkubwa unagawanywa viwili kwa upana, kila kimoja mita 54 kwa 38, wachezaji saba kwa saba, dakika 20 kila kipindi. Jumamosi inaanza saa 1 asubuhi na mechi ya mwisho inaisha kabla ya saa 5. Ligi hii ikichezwa Februari, mechi ya saa 4 ingefutwa kwa sababu ya joto. Kila kipindi kina mapumziko ya maji ya dakika moja hata kama mwamuzi haoni anayelalamika. Mtoto mwenye joto kali huanza kwa kukasirika, kuyumba na kujibu mambo yasiyoulizwa. Huyo apozwe kwanza, asafirishwe baadaye: kivulini, maji mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kinenani. Barafu inanunuliwa asubuhi kwa mama anayeuza vinywaji jirani na shule na inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Aliyegongwa kichwa akapepesuka, akasahau matokeo au akatapika, hachezi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa, na mzazi anaambiwa ampeleke hospitali.

Mabadiliko ni ya wazi: anayetoka anaweza kurudi. Kila mtoto aliyeandikwa kwenye kadi ya mechi lazima acheze angalau kipindi kimoja. Mwamuzi anaweka alama, na timu inayokiuka inapoteza pointi 1. Kanuni hii ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi na makocha, na ndiyo iliyofanya wazazi waje.

Waamuzi ni vijana waliopita kozi ya wilaya. Posho yao inatumwa kwa simu kabla hawajaondoka uwanjani, kutoka kwa mtunza fedha wa ligi. Timu haimlipi mwamuzi hata shilingi ya nauli. Mwamuzi anayesubiri fedha kutoka kwa mwenyeji amekwisha kufungwa mikono kabla ya mechi kuanza, na soka la mchangani limejaa ugomvi unaoanzia hapo.

Kwa wasichana, ubora wa mazoezi pekee haukuwabakiza. Kilichowabakiza ni choo chenye komeo, taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza bila kuombwa, na mazoezi kuisha saa 11 na nusu jioni ili wafike nyumbani kabla ya giza. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Njia ya kwenda huko inapita kwenye komeo la choo.

Ulinzi wa mtoto una kanuni chache zisizojadiliwa. Mtu mzima habaki peke yake na mtoto, wala hasafiri naye bila barua ya mzazi. Wakala au skauti anazungumza na mzazi mbele ya uongozi, kamwe si na mtoto pembeni ya uwanja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto imepakwa rangi ukutani, mahali mtoto anapoiona akienda chooni.

Septemba: klabu, fedha na haki ya mlezi

Timu nne kati ya nane hazikuwa na usajili wowote. Zimeanza kuandaa katiba, orodha ya viongozi na muhtasari wa kikao, ili zipite kwa Afisa Michezo kwenda kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Baada ya hapo zinajiunga na chama cha soka cha wilaya, kilicho chini ya chama cha soka cha mkoa, DRFA, na kupitia huko TFF.

Viongozi wengi huona hii ni gharama ya bure, kwa hiyo tumewawekea hesabu mezani. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, FIFA inataka asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unalipwa asilimia 0.25 ya ada nzima, na kila msimu wa 16 hadi 23 asilimia 0.5. Klabu iliyomlea mtoto misimu minne ya mwanzo ina haki ya asilimia 1. Akiuzwa kwa dola 500,000, hiyo ni dola 5,000, fedha ya nyavu, mipira na posho za waamuzi kwa muda mrefu. Malipo haya sasa hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichoanza kazi mwaka 2022, kinachosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo inajengwa kutokana na usajili uliopo kwenye shirikisho. Klabu isiyosajiliwa, au iliyosajiliwa ila haikumwandikisha mtoto, haimo kwenye pasipoti. Ndiyo maana daftari la kata linataka tarehe ya kuingia na ya kutoka: ndizo zinazohamishiwa kwenye usajili rasmi, na kumbukumbu ikifufuliwa miaka 10 baadaye kwa mashahidi wa mdomo ni vigumu kuisimamisha.

Fedha za ligi zina watia saini watatu, na wawili lazima wakubaliane. Taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa kwenye mlango wa stoo kila mwisho wa mwezi, kwa mkono, pamoja na mafuta ya mashine ya kufyekea.

Yaliyobaki kabla ya vuli

Maeneo ya mbele ya magoli yamechakaa, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa watoto hupiga mashuti hapo hata siku zisizo za mazoezi. Yanachimbuliwa sentimita 5, yanachanganywa samadi na kupandwa vipando kutoka kwenye kitalu kidogo kilicho nyuma ya stoo, kisha yanafungwa kwa kamba mpaka Desemba. Mazoezi ya kupiga golini yamehamishiwa kwenye magoli madogo, pembeni. Mtaro wa chini unafunguliwa mwisho wake na kusafishwa mchanga uliokusanyika. Nyasi inafyekwa sentimita 3 hadi 4, kamwe si zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja.

Timu mbili za wavulana na moja ya wasichana bado zina watoto walioandikwa kwa penseli. Usajili wa msimu ujao unafunguliwa vyeti vyao vikishatoka.